Nilivyoandika kijitabu cha Tendaguru kwa kupanga kadi kwenye skrini

Mimi kuandika sio tatizo, tatizo langu ni nianze na lipi. Mwaka jana walimu wa shule moja hapa Lindi waliniomba niwaandalie kijitabu cha Tendaguru, kile kilima chetu Wajerumani walikochimba mafupa ya yule dinosaria, mjusi mkubwa wa kale aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ili wanafunzi wakienda ziara wawe na kitu mkononi. Nikasema hiyo kazi ya wiki mbili tu. Wiki ya tano nina faili la kurasa 31 ambalo nikilifungua nalifunga, maana kila nikishuka chini nakutana na habari nilishaiandika huko juu, tena kwa maneno mengine.

Nikahamia kwenye vikaratasi. Jambo moja kipande kimoja, nikavitandaza kwenye mkeka barazani, raha kwelikweli, unakihamisha hiki unakiweka pale. Jioni upepo wa baharini ukaja, na kuku wa jirani nao wakapita katikati, nikabaki naokota Wajerumani chini ya mwembe.

Kijana mmoja wa steshenari ndo akanionyesha Obsidian, programu ya kuandikia noti. Kilichonivutia kwanza ni kwamba haili bando, kila kitu kinakaa kwenye folda ya laptopu yako na kila noti ni faili la maandishi matupu, hata Notepad inalifungua. Ndani yake kuna kanvasi, waliiongeza mwishoni mwa 2022, yaani ni ule ule mkeka wangu ila hauna mwisho na hauna kuku. Ukibonyeza mara mbili mahali patupu inatokea kadi, unaandika, unaivuta unakotaka, unachora mshale kutoka kadi hii kwenda ile, na juu ya mshale unaweza kuandika neno.

Basi nikaweka rangi. Kijani habari za mjusi mwenyewe, kile kimo chake cha mita 13.27 na kadhalika. Bluu Wajerumani: Sattler aliyeyaona mafupa 1906, Janensch na Hennig waliokuja kuchimba 1909, kazi ikaenda hadi 1913. Njano watu wetu. Nilikaa siku tatu nabandika tu, wala sikuandika sentensi moja ya maana, na nadhani hapo ndo nilipofanya la maana maana zamani nilikuwa napanga na kuandika kwa wakati mmoja, vyote vinaharibika.

Siku ya nne mjomba akapita, miwani kaacha nyumbani kwa hiyo kusoma hawezi. Nikabonyeza Shift na 1, kanvasi yote ikajikusanya kwenye skrini moja. Akaangalia weee.

"Hivi vya bluu vyote hivi ni nini mpwa wangu?"

"Hao Wajerumani, mjomba."

"Enhe. Na hiki cha njano?"

"Hao wabebaji."

"Wabebaji wote umewatia kibanda kimoja?"

Nikakosa jibu. Kurasa 31 zote zile nilizisoma mara ngapi sijui na sikuliona hilo, mzee asiyesoma kaliona kwa rangi tu. Nikarudi kwenye daftari langu, ile kadi moja nikaipasua zikawa 9. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, akapata kadi yake. Mafupa kufungwa kwa mianzi, kadi yake. Kutembea na mzigo mpaka bandari ya Lindi siku kama nne, kadi yake. Nikaweka na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, nikavuta mshale kwenda kwenye "vibarua mamia", juu ya mshale nikaandika: njaa na kodi. Huo mshale ndo ukawa sura ya kwanza.

Sasa balaa nililopata, ujue mapema. Kadi za kwenye kanvasi ziko aina mbili. Ukileta noti yako kama kadi halafu ukaifuta pale, noti inabaki kwenye folda. Lakini kadi uliyoiandika hapo hapo ukiifuta imeenda na maneno yake. Mi nilifuta 4 nikijua zipo, nikazima laptopu nikalala, asubuhi hamna kitu. Tangu hapo kadi ikishanona tu naigeuza kuwa faili, ukibonyeza kitufe cha kulia utaliona chaguo. Na kwa simu usijisumbue, kidole kinavuta kadi usiyoitaka.

Kuandika kwenyewe kukawa kwepesi. Skrini naigawa pande mbili, kushoto kanvasi, kulia ukurasa, nashuka kundi kwa kundi, kadi ikishaandikwa naipaka kijivu. Umeme ukikatika naendelea na chaji iliyobaki. Siku 11 kijitabu kikaisha, kurasa 14, na kinaanzia njiani kuja Lindi na mzigo kichwani, Berlin wanafunzi wanafika ukurasa wa 12.

Kadi moja tu haijawa kijivu mpaka leo. Ni ya Cutler, yule aliyeletwa na Waingereza 1924 walipokuja nao kuchimba, akaugua malaria akafia hapa hapa Lindi 1925. Nimeshamsogeza kila kundi na mshale wake haugusi popote, yuko pale pembeni peke yake.