Kadi haijafa, keneli ndiyo haiijui

Mpiga picha analeta kadi ya GB 64 kwa fundi pale Makoroboi, imejaa picha za harusi. Kompyuta ya fundi ni Linux, na akijaribu kuimaunti, yaani kuiunganisha ili mafaili yake yasomeke, inamjibu: unknown filesystem type 'exfat'. Wengi hapo hukimbilia kufomati. Ndugu zangu mafundi wa Mwanza, nawasihi msifomati. Harusi hairudiwi.

Ujumbe huo hausemi kadi ni mbovu. Aina ya mfumo wa mafaili imeshatambuliwa, tena imetajwa kwa jina. Kinachokosekana ni moduli, yaani kipande cha programu ambacho keneli (kiini cha Linux) hukitumia kuusoma. Kadi za SD zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, ilhali za GB 32 kwa kawaida ni FAT32. Ndiyo maana kadi ndogo inafunguka na kubwa inagoma kwenye mashine ile ile.

Anza na lsblk -f uone kadi imepewa jina gani. Hapa tuseme sdb1. Kisha sudo modprobe exfat. Ikinyamaza, moduli imeingia, jaribu tena kumaunti. Ikisema Module exfat not found, andika uname -r uone toleo la keneli linaloendesha, halafu ls /lib/modules uone matoleo yenye moduli, ulinganishe. Toleo linaloendesha lisipokuwemo kwenye orodha, keneli ilisasishwa na moduli za zamani zikafutwa kabla mashine haijawashwa upya. Iwashe upya, basi. Kosa hili linapoteza saa nyingi kwa sababu jana yake kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Toleo likiwemo, andika grep EXFAT_FS /boot/config-$(uname -r). Jibu =m ni moduli, =y imejengwa ndani, is not set maana yake haimo kabisa. exFAT iliingia kwenye keneli 5.4 mwaka 2019, ikapata dereva bora zaidi kwenye 5.7 mwaka 2020. Mashine yenye 4.x isiyoweza kupandishwa, weka kifurushi cha exfat-fuse, kisha sudo mount.exfat-fuse -o ro /dev/sdb1 /mnt (ro ni kusoma tu, bila kuandika). Usipoteze bando kupakua exfatprogs ukitarajia itatatua hili: hiyo ni ya kufomati na kukagua tu, haiongezi uwezo wa kumaunti.

Ujumbe wa wrong fs type, bad option, bad superblock ni jambo jingine, na peke yake hautoshi kuamua lolote. Soma ujumbe wa mwisho wa keneli kwa sudo dmesg | tail. Ukikuta IO charset iso8859-1 not found kwenye kadi ya FAT32, moduli iliyokosekana ni ya herufi: sudo modprobe nls_iso8859-1. Ukikuta I/O error, hapo kweli kadi yenyewe au kisomaji kina hitilafu. Badilisha kisomaji kwanza. Ikiendelea, usiendeshe fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa mafaili, juu ya kadi inayokufa. Nakili yote kwa sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map, kwenye diski yenye nafasi zaidi ya GB 64, ufanye kazi kwenye nakala.

Keneli ikishaijua kadi, imaunti kwa -o ro mpaka picha zote zihamishwe. exFAT haina jarida la mabadiliko kama ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, hakuna kumbukumbu ya kurekebishia. Ukimaliza, sudo umount /mnt, subiri mstari wa amri urudi, ndipo uchomoe.