Mchoro Umeuzwa, Haki ya Kuunakili Imebaki kwa Nani?

Siku nilipomkabidhi mnunuzi mchoro wangu wa kwanza mkubwa, nilidhani nimeagana nao kabisa. Miezi kadhaa baadaye niliukuta kwenye jalada la kalenda, rangi yake ya samawati imefifia ikawa ya kijivu, na sahihi yangu, iliyokuwa chini upande wa kulia, imekatwa. Nilipomuuliza mnunuzi alishangaa, kwani aliamini kwamba anayenunua turubai hununua na kila kilichomo. Sikumlaumu sana, kwa kuwa siku ile hata mimi sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Katika nchi nyingi, kuuza mchoro si kuuza hakimiliki yake: mnunuzi anaweza kuutundika, kuuuza tena au kuurithisha, lakini hawezi kuuchapisha bila idhini ya msanii, isipokuwa haki hiyo nayo imehamishwa, na aghalabu sheria hudai maandishi. Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1942, mahakama ya New York nchini Marekani iliamua kwamba mchoraji aliyeuza kazi yake bila kujiwekea sharti lolote alikuwa ameuza na haki ya kuinakili, msimamo ambao sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 iliugeuza. Kuhusu sahihi iliyokatwa, Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, unamlinda msanii adai kutambuliwa hata baada ya kuhamisha haki zake za kiuchumi, yaani za kunufaika kifedha na kazi yake.

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni kwamba nilikuwa na haki ya kutoa nakala lakini sikuwa na picha nzuri ya kuzitolea. Sheria ya Ujerumani humruhusu msanii kuifikia kazi yake ili ainakili, mradi asimdhuru mmiliki. Kwingi kwingineko utabaki kumbembeleza mnunuzi. Kwa hiyo siku hizi mchoro hautoki kwangu kabla sijaupiga picha kwa mwanga wa mchana, bila flashi, kamera ikiwa imeuelekea sawasawa.

Kwenye stakabadhi naandika: “Mauzo haya ni ya mchoro wenyewe; haki ya kuunakili na kuuchapisha inabaki kwa msanii.” Nikiwa nimemwahidi mnunuzi kwamba hautatolewa nakala, ahadi hiyo naiandika pia, nami naitimiza. Mnunuzi wa karibuni aliisoma sentensi hiyo, akaniomba aitumie picha kwenye kadi 50 za harusi ya binti yake. Nilimwandikia kibali palepale, nikataja idadi ya kadi na mahali jina langu litakapokaa.