Chumvi ya Uingereza kwenye bolti za Nakuru

Baridi inapokaribia, malori ya halmashauri huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hutoka usiku kumwaga chumvi barabarani. Ni chumvi ya mawe, ya rangi ya udongo, inayochimbwa chini ya ardhi. Mgodi mkubwa kabisa nchini uko Winsford, Cheshire, nao ulifunguliwa 1844. Chumvi hii huzuia maji yasigande kuwa barafu, na wako watu wengi walio hai leo kwa sababu yake. Lakini magurudumu huirusha juu ikaingia kila pembe ya chini ya gari, na ikishatulia kwenye thredi za bolti, ile mifereji inayozunguka ambamo nati hupita, mvua haiitoi.

Naandika haya kwa Wakenya wenzangu wanaopeleka magari nyumbani, na kwa ndugu wanaoyapokea Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8, na Mkenya anayerudi kuishi nyumbani anaweza kusamehewa ushuru wa gari lake ikiwa, pamoja na masharti mengine, amelimiliki huku kwa angalau miezi 12. Basi tunakagua injini, tunasoma maili, tunapiga picha za rangi yake za kutuma kwenye kundi la familia. Ni wachache wanaolala chini na tochi kutazama bolti. Gari la miaka 7 lililokaa kaskazini mwa Uingereza limepita baridi 7 za chumvi, na chumvi hiyo inapanda meli pamoja nalo hadi Mombasa.

Springi ndiyo huwa ya kwanza kudai. Kokoto hubanja rangi yake kwenye mzunguko wa chini kabisa, pale matope na maji hukaa, chumvi ikaanza kula chuma mahali pasipoonekana. Huku springi iliyovunjika inatosha kuliangusha gari kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kwetu hakuna anayeitazama mpaka ikutane na shimo. Ya gari la mzee wangu, springi ya nyuma upande wa kushoto, ilikatikia kwenye barabara ya kwenda Njoro, na kwa bahati nilikuwa nyumbani likizo. Tukalipeleka kwa fundi wa jua kali mjini Nakuru.

Fundi aliingia chini, akapangusa kichwa cha bolti kwa kidole gumba, akatoka akanitazama.

"Boss, hii gari ilikuwa inakaa Mombasa?"

Nikamwambia ilikuwa Uingereza.

"Basi leo hatumalizi. Mwambie mzee asingoje."

Mzee alikuwa amesimama pale pale na alisikia. Hakufurahi. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu fundi anayesema hivyo kabla hajagusa spana anajua kilicho mbele yake. Anayekuahidi saa moja ndiye atakayevunja bolti saa nne usiku akuachie gari juu ya mawe.

Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka, na kikishageuka kinahitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo. Kati ya thredi za bolti na za nati hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo kutu inajibana yenyewe mpaka vyuma viwili vinakuwa kama kimoja. Maji ya chumvi huharakisha jambo hili kwa sababu hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea ndani ya chuma. Pale bolti ya chuma inapopita ndani ya alumini, hali huwa mbaya zaidi, maana alumini ndiyo huliwa na unga wake mweupe hushika kwa nguvu ajabu.

Kwenye gari la mzee, springi ya nyuma imekaa juu ya mkono wa chini, chuma kinachounga gurudumu na mwili wa gari, na ili itoke lazima uondoe bolti inayounga mkono huo na habu ya gurudumu. Bolti hiyo inapita ndani ya bushi: mpira kwa nje, kibomba cha chuma ndani. Nati ilifunguka bila taabu na mzee akaanza kutabasamu. Fundi hakutabasamu. Alijua kwamba bolti ilikuwa imeshikana na kile kibomba, wala si na nati. Ukiizungusha, mpira unajipinda. Ukiachilia, inarudi ilikokuwa. Unaweza kukazana hivyo mpaka jua lizame ukidhani inasogea.

Alianza kwa brashi ya waya, akasugua thredi zote zilizokuwa nje, kwa sababu kutu iliyo nje ndiyo inayokwama ndani bolti ikianza kutoka. Akanyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mengi ya wastani badala ya machache ya hasira, halafu akaenda kushughulikia gari lingine. Baadaye akarudi, akanyunyiza tena, akagonga tena. Mtikisiko hufungua nyufa ndogo ndani ya kutu, na mafuta hufuata nyufa hizo. Yanataka muda, na muda huo ndio watu wengi hukataa kulipia. Asubuhi iliyofuata alivaa soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili ambayo hushika kwenye ncha tu na kuvila vichwa, akaweka mpini mrefu, na akaanza kwa kukaza kidogo. Kukaza, naam. Kisha akalegeza kidogo, akakaza, akalegeza. Ikilia, alirudi nyuma na kuongeza mafuta. Kwa njia hiyo ilitoka nzima upande wa kushoto.

Upande wa kulia ilikataa. Springi hubadilishwa mbili mbili kwenye ekseli moja, la sivyo gari litainama upande mmoja na kushika barabara vibaya, kwa hiyo hatukuweza kuuacha upande huo. Moto wa gesi ni dawa nzuri kwa nati: ukiipasha moto nati ya upana wa milimita 20 kwa nyuzi 400, inatanuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hiyo inatosha kuvunja mshiko wa kutu. Lakini moto karibu na bushi unachoma mpira, na karibu na bomba la breki au tangi la mafuta ni hatari. Fundi alikataa moto, akachukua grainda na kuikata bolti pande zote mbili za bushi. Mkono ukaenda kwa mwenzake mwenye presi, bushi ikasukumwa nje na mpya ikaingizwa.

Huku ninakoishi wasingefanya hivyo. Saa ya fundi ni ghali kuliko spea, kwa hiyo wangekata mapema na kufunga mkono mzima mpya. Nakuru spea ndiyo ghali na saa ya fundi ni nafuu, kwa hiyo ujuzi wa kuokoa chuma umekomaa kule kuliko huku. Hili nalisema kwa heshima kubwa: kuokoa kile mwingine angetupa ni elimu, na inastahili malipo bora kuliko tunayotoa.

Lakini kuna mambo mawili sitayanyamazia, maana nimeyaona katika gereji kadhaa za nyumbani. La kwanza ni kuibana springi kwa waya au kamba. Springi ya gari dogo hubeba zaidi ya kilo 200 gari likiwa limesimama tu, na nguvu hiyo yote ikiachiliwa ghafla inaua mtu. Tumia vibano vya springi vilivyo vizima, viwili vikitazamana, na kwa springi ya nyuma kama hii weka jeki chini ya mkono kabla bolti ya mwisho haijatoka, ushuke nayo polepole. Kwa springi ya mbele iliyozunguka shokapu, usiguse kabisa ile nati ya juu katikati kabla springi haijabanwa. La pili ni bolti ya kubahatisha. Kichwani mwa bolti za sasipenshoni kuna namba, mara nyingi 8.8 au 10.9, na namba hiyo ni nguvu yake. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na namba haina kazi hapo, hata ikiingia vizuri.

Wakati wa kurudisha, fundi alipaka grisi ya shaba ndani ya kibomba cha bushi na kwenye mwili wa bolti, akaiacha bila kukaza mpaka gari liliposhushwa likasimama kwa magurudumu yake. Ndipo akakaza. Bushi ikikazwa gari likiwa juu, mpira unabaki umejipinda siku zote na utapasuka mapema.

Unayesafirisha gari mwaka huu, lipeleke kwanza lioshwe chini kwa maji ya presha, hasa baada ya baridi kwisha. Mlipe fundi wa huku afungue bolti za mikono ya nyuma moja moja, azipake grisi na kuzirudisha kwa kipimo chake. Zikikataa, ni afadhali zikatwe huku, ambako spea hupatikana kesho yake. Kisha nunua bolti na nati mpya za sehemu hizo pamoja na bushi, uzifunge kwenye mfuko wenye jina la gari, uzipeleke nyumbani na mtu anayesafiri. Na yeyote atakayelipokea gari amwambie fundi limetoka wapi kabla hawajapatana bei.