Siku yangu moja: namtafuta kindi kwa unywele wake

Saa kumi na mbili asubuhi. Kisiwa cha Anglesey, Wales, mwezi wa Oktoba, nje bado giza totoro. Nakunywa chai, navaa buti, nabeba ndoo ya mbegu za alizeti.

Saa moja na nusu nimeshaingia chini ya misonobari ya msitu wa Newborough. Naanza kutazama chini kabla ya kutazama juu. Hii hapa koni, tunda gumu la msonobari, imetafunwa ikabaki kama gunzi la hindi, utomvu wake bado unanata vidoleni. Amepita leo! Punde namsikia akifoka tawini, huyo kindi mwekundu, gramu kama 300 tu, vishungi vya masikio vikianza kuota kwa ajili ya baridi. Kwetu Tanga kindi tulimfukuza shambani. Huku namhesabu mmoja mmoja.

Kindi wa kijivu aliletwa Uingereza kutoka Marekani mwaka 1876. Hubeba virusi vya ndui ya kindi bila kuugua, lakini mwekundu akiambukizwa hufa kwa wiki mbili hivi. Mwaka 1998 wekundu kisiwani walibaki kama 40. Ndipo kazi ya kuwaondoa wa kijivu ikaanza, na 2004 wekundu wakarudishwa msitu huu. Leo ni mamia.

Saa tatu, naosha visanduku vya chakula kwa dawa. Kila kindi anasugua kidevu ukingo uleule, kwa hiyo kazi hii siiahirishi hata ikinyesha.

Saa sita niko karibu na madaraja ya Menai, njia wanayovukia wa kijivu kutoka bara. Nakusanya mabomba ya plastiki yenye utepe unaonata. Kindi akifuata chakula ndani, huacha nywele.

Saa tisa, hadubini. Rangi hudanganya, kwani wa kijivu huwa na rangi nyekundu mgongoni, na mwekundu hufifia. Basi unywele naupaka wino, kisha napangusa. Unywele wa mwekundu una kijifereji, wino hubaki humo kama mstari mweusi. Wa kijivu ni mviringo, haushiki kitu.

Wa kwanza una mstari. Wa pili, wa tatu pia. Wa nne hauna.

Napaka tena. Napangusa. Hauna.

Naandika bomba namba 7, kisha napiga simu: kesho alfajiri kamera zote zihamie darajani.