M'Baku alikuwa na hoja jamani

Nimerudia tena Black Panther, zile muvi za Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, ile ya 2018 na ile ya pili ya 2022, zote kwa mpigo usiku wa kuamkia leo, macho mekundu lakini roho safi. Safari hii aliyenikamata ni M'Baku. Anashuka toka milimani na Wajabari wake, watu wanaoishi kivyao huko kwenye theluji na wala hawana shida na vibranium, yale madini ya ajabu yaliyoitajirisha Wakanda, anafika pale maporomoko siku ya kumsimika T'Challa kuwa mfalme, anawachana laivu kwamba teknolojia yote ya Wakanda kaachiwa mtoto anayedharau mila. Mtoto mwenyewe ni Shuri, ambaye muda si mrefu kanyoosha mkono watu wakadhani anataka kumpinga kaka yake, kumbe analalamika koseti inambana, wamalize watu warudi nyumbani.

Sasa ukiangalia vizuri hao wa mjini nao hawajatupa mila. Kofia ya Malkia Ramonda, mama yao T'Challa na Shuri, ni ile isicholo ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ila Ruth Carter, mama aliyebuni mavazi na akapata Oscar yake 2019, aliitoa kwenye printa ya 3D. Mzee wa kabila la mtoni kapiga suti ya kijani na kisahani mdomoni kama Wamursi wa Ethiopia, na katulia zake. Halafu kile kipande cha maabara, T'Challa kaingia na makubazi ya kifalme vidole nje, Shuri anamcheka mpaka basi, anamtolea raba alizotengeneza mwenyewe, ukitembea hazitoi sauti. Nampenda Shuri ila hapo nilikuwa upande wa kaka yake, siku ya kwanza kazini mtu kataka kuvaa kama wazee wake, kosa liko wapi?

Ila blanketi ndo limeninyima usingizi. W'Kabi na watu wake wa mpakani wamejifunika mablanketi ya Wabasotho, wakiyainua mbele yao yanakuwa ngao. Kila mtu anasema ona mila na teknolojia zimeungana, sawa, lakini hilo blanketi lenyewe lilifika Lesotho na wafanyabiashara wa Kizungu karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, Wabasotho wakalichukua wakaliwekea maana zao mpaka leo ndo vazi lao la heshima. Yaani ni kama kanga tu, wazee wetu wa pwani walivaa zilizochapwa Uholanzi na India na bado ni kanga zetu, sitaki ubishi.

Kwa hiyo mi sioni ugomvi mkubwa kati ya mashine na mila mle ndani. Ugomvi ninaouona mimi hakuna hata anayeutaja. Nchi ina treni za kuelea, ina shanga za mkononi za kupigia simu, ina dawa ya kumponya mtu aliyepigwa risasi mgongoni, halafu mfalme anapatikana kwa watu wawili kupigana majini kifua wazi! Killmonger, binamu yake T'Challa, anatoka Oakland huko Marekani, mwili mzima makovu na kila kovu ni mtu aliyemuua, lakini ana damu ya kifalme kwa hiyo anapigana, anashinda, anamtupa T'Challa maporomokoni, anakaa kwenye kiti kihalali kabisa, anaamuru bustani ya ule mmea mtakatifu unaompa mfalme nguvu za Black Panther ichomwe moto. Okoye, mkuu wa walinzi wa mfalme, roho inamuuma ila kaapa kukitumikia kiti, anabaki. Na T'Challa kaokotwa na nani? Mvuvi wa Kijabari, wale wale wa milimani, wakamlaza kwenye theluji asife.

Muvi ya pili sasa. Inaanza Shuri anahangaika maabara autengeneze upya ule mmea amponye kaka yake, mama anaingia kumwambia kashaondoka. Chadwick Boseman mwenyewe, aliyecheza T'Challa, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, ndo maana ule msiba unauangalia kama msiba wa kweli. Mwaka unapita, Ramonda anamchukua binti yake porini kando ya maji wachome nguo za msiba, Shuri hataki, kwake hayo ni mambo ya akili kujifariji. Nikamkumbuka kaka yangu, tulipomzika babu alitaka tuanue tanga kwa kikao cha WhatsApp tu tuokoe hela ya mchele, shangazi akamuuliza, hiyo WhatsApp itaosha masufuria? Tukakaa chini tukala, na kaka ndo alikuwa wa mwisho kuondoka.

Anayekuja kuurudisha mmea ni Shuri huyo huyo, kwa nyuzi za kikuku alichopewa na Namor, mfalme wa watu wa chini ya bahari, na kwa printa yake. Anakunywa, anavuka kwa wahenga asiowaamini, na anayemkuta kule si mama wala kaka, ni Killmonger! Nilisimama. Nguo anakuja kuzichoma mwishoni kabisa, Haiti, ufukweni kwa Nakia, mpenzi wa marehemu kaka yake, moto wa kuni tu na machozi.

Wakati huo huko kwao watu wamejaa maporomoko, chombo kinatua, wanamsubiri Black Panther, anashuka M'Baku anasema Shuri hatokuja ila yeye anakitaka kiti. Kwa ngumi tena! Mfalme kafa, malkia kafa, mji umeingiwa na maji, katiba ile ile. Mi naisubiri ya tatu nione kama kuna mtu hata mmoja atakumbuka kuja na sanduku la kura.