Funda moja tu la mafuta ya mtoto

Jamani, mpwa wangu kapiga funda la mafuta ya mtoto, yale mepesi yanayomiminika kama maji, akapaliwa na kukohoa mpaka machozi. Kelele zikaanza: mpe maziwa, mtie kidole atapike! Dada yangu akakataa katakata. Akambeba, mimi nikanyakua chupa, mbio hospitali.

Swali la kwanza la daktari: mmemtapisha? Kumbe hatari kubwa ya mafuta mepesi haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Yanateleza kirahisi kuingia njia ya hewa, na akitapika yanapita palepale tena. Nimonia yake inaweza kuja saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo wakamweka chini ya uangalizi, wanahesabu pumzi, wanasikiliza kifua, mwenyewe anacheka na kung'ang'ania waya wa ile klipu ya kidoleni ya kupima oksijeni.

Nikadodosa na vingine (mimi na maswali!). Dawa ya kulainisha nywele yenye alikali kali huunguza mdomo na koo. Ukimtapisha, inaunguza tena ikipanda. Marashi yana alkoholi nyingi, na kwa mtoto mdogo inaweza kushusha sukari ya damu hadi degedege. Lipstiki akiilamba kidogo, mara nyingi hakuna la kutisha.

Chupa tuliyobeba ilisaidia sana, maana daktari alisoma viambato papo hapo. Dada sasa anatupa kila kikopo kisicho na lebo.