Picha iliyobaki Buhene

Leo asubuhi nimefika ukurasa wa mwisho wa kaye (daftari) yangu ya tatu. Jalada limelegea, na vumbi jeusi limeingia hadi katikati ya kurasa, kwa sababu huwa naificha nyuma ya gunia la makala, yaani makaa. Nyumba yetu ina vyumba viwili na tunalala watu saba. Anayetaka kuandika ya moyoni lazima aamke kabla ya wenzake. Mimi huamka saa kumi na moja, nikaketi kizingitini na taa ya simu, kabla chukudu za kwanza, zile baiskeli za mbao za mizigo, hazijaanza kugonga mawe barabarani.

Nilianza mwaka 2023, wiki chache baada ya kumzika koko, mama yake baba. Sikuweza kulia wala kumtaja. Mtu akiniambia pole, nilisema asante na kuendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. Kuna mama mmoja parokiani anayewatembelea wafiwa. Alikaa nami kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kama kinywa kinakataa, jaribu mkono." Siku ileile nikanunua kaye na bik, yaani kalamu.

Kaye ya kwanza niliiandika yote kwa Kifaransa. Sisi tumekua hivyo: Kiswahili ni cha nyumbani, sokoni na kwenye sala, lakini ukishika kalamu, Kifaransa ndicho kinachokuja. Nikaandika kwamba tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Kwamba mto wa moto ulishukia Buhene, kando ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulipokuwa tukiishi, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Kwamba tarehe 27 kartie (mitaa) 10 za mji ziliamriwa kuhama, nasi tukashika njia ya Sake pamoja na umati. Yote ni kweli. Lakini nikiisoma leo naona ripoti ambayo mtu yeyote angeweza kuitia sahihi.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa Wamarekani wawili, James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa mwaka 1986. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike dakika 15 kila siku kwa siku 4. Baadhi waliandika habari za kawaida tu. Wengine waliandika jambo lililowaumiza, lakini matukio peke yake. Wengine wakaandika matukio pamoja na yale waliyoyasikia moyoni. Hao wa mwisho ndio waliokwenda kliniki mara chache kuliko wengine katika miezi iliyofuata. Walioandika matukio matupu hawakupata nafuu hiyo. Niliposoma hapo nilifunga simu. Nilijiona mimi na kaye yangu ya Kifaransa.

Kaye ya pili nikaianza kwa Kiswahili, tena kile chetu cha Goma, kama tunavyosema jikoni. Nilianza na maneno ya koko mwenyewe, usiku ule mbingu ilipokuwa nyekundu na sisi tukimpandisha kwenye chukudu ya jirani, maana miguu yake haikuweza kukimbia:

"Foto ya baba yako, uliibeba?"

"Niliibeba, koko. Iko mu saki."

Sikuwa nimeibeba; haikuwemo katika saki, mfuko wangu. Ilikuwa picha pekee ya baba, aliyefariki nikiwa na miaka minne, katika fremu ya mbao yenye kioo, ukutani juu ya kitanda cha koko. Nilibeba nguo za watoto, sufuria na vitambulisho. Picha niliikumbuka aliponiuliza, na tulikuwa tumeshafika mbali. Nikamdanganya ili asituambie turudi. Asubuhi iliyofuata, pale ilipokuwa parsele yetu, kiwanja chetu, palikuwa na mwamba mweusi unaofuka moshi, na kipande cha bati kimechomoza. Watu wasiopungua 30 walikufa katika siku zile, kwa hiyo niliona aibu kulilia picha. Koko aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo, na hakuniuliza tena hata siku moja. Ukimya wake huo ndio nilioubeba. Kila alipofumba macho nilidhani ananihukumu.

Niliyaandika haya asubuhi tatu mfululizo. Ya kwanza niliumwa kichwa mpaka jioni. Ya pili nililia, nikafagia ua mara mbili ili watoto wasinione. Ya tatu nikaandika jinsi tulivyolala usiku ule upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, nje, juu ya kitenge. Nikaandika kwamba koko alilaza kichwa juu ya saki yangu. Kwamba kabla ya kulala aliipapasa kwa viganja, taratibu, upande huu na upande ule, kisha akaigeuza ikae vizuri.

Bik ikasimama.

Fremu ile ilikuwa na pembe nne za mbao na kioo. Aliyelalia saki ile usiku kucha hawezi kukosa kujua kwamba hakuna fremu ndani. Koko alijua tangu usiku ule wa kwanza. Alijua na akanyamaza, na asubuhi akanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake kwa sababu ya baridi. Hilo pia nilikuwa nimelisahau, likaja lenyewe nilipokuwa naandika.

Kwa miaka miwili nilikuwa nalizungusha jambo hili kichwani, na kichwani lilianza kila mara na uongo wangu na kuishia hapohapo. Kwenye karatasi nililazimika kusema kilichofuata, na kilichofuata ni viganja vya koko.

Simwambii kila mtu aandike. Hata wale wanafunzi, huzuni yao iliongezeka kwanza, mara tu walipomaliza kuandika. Jirani yangu alipofiwa na mtoto mwaka huu sikumpelekea kaye. Nilimpelekea chakula nikakaa naye, na tulimpata muuguzi anayejua kuzungumza na wafiwa. Tena kuna kurasa zisizofaa kukaa ndani ya nyumba. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, nilichana kurasa kumi na moja, nikazichoma kwenye mbabula, jiko la makaa, na kupika chai juu yake. Yaliyokuwemo yalikuwa yameshanitoka. Sikujuta.

Kaye hii ya tatu nimeitumia kuirudisha picha. Nimeandika kila ninachokumbuka: shati jeupe lenye mikono mirefu, suruali iliyokunjwa kifundoni, baiskeli, na mkono wa baba juu ya kiti chake. Wiki nzima nilishindwa kukumbuka kama ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Jana nikampigia simu shangazi, dada yake baba, aliyeko Bukavu. Kwanza nilimwambia kuhusu uongo wangu. Alinyamaza, kisha akasema koko alimsimulia yote zamani, na alimkataza asinitajie.

"Na mkono, shangazi?"

"Wa kushoto. Wa kulia alishika kofia. Na ile baiskeli haikuwa yake, aliiazima kwa fundi ili apige foto."

Nimeandika hivyo, kwenye mistari miwili iliyokuwa imebaki.